Sauti ya Subiri Ilipobaki Kazini

Kiwanda cha rangi za nyumba kiliwahi kuwa na mpokea simu mwenye sauti ya ajabu. Bila kuongeza chumvi nyingi, sauti ile ilikuwa ikiingia kwenye waya upande huu, upande wa pili mtu anavua kofia. Mteja anapiga amefura, rangi imebabuka ukutani wiki mbili tu baada ya kupakwa, anatafuta mtu wa kumla nyama. Mama yule anamwambia, “Pole sana, mpendwa. Subiri kidogo.” Basi, hayo tu. Mteja anapoa, anasahau ukuta, na hakati simu mpaka ameagiza madebe mawili mengine. Mmoja alimposa bila kumwona hata kivuli. Mwingine alipiga kila Jumatatu kwa miaka minne na hakununua hata brashi. Ndiyo maana kiwanda kizima kikamwita Subiri, na jina alilopewa na baba yake likabaki kwenye kitambulisho likiota kutu.

Hiyo ilikuwa sauti ya wateja. Wenzake kazini walikuwa na ya kwao. Akishabonyeza kitufe cha kumsubirisha mteja, uso unajifunga kama dirisha lililopigwa na upepo, na anapiga simu ya ndani chumba cha kuchanganyia rangi.

“Wewe Madoa! Kuna baba wa watu hapa anasema kijani chako kimegeuka matapishi ya mbuzi. Njoo ujibu. Au miguu hiyo umeazima?”

“Nakuja, mama.”

“Unakuja tangu lini? Konokono wamefika, wamekula, wamelala!”

Madoa ndiye aliyekuwa mchanganya rangi, mwanamume mpole mwenye nguo ambazo hakuna aliyekumbuka zilinunuliwa zikiwa na rangi gani. Alikuwa na jina lake zuri tu, lakini Subiri alimbandika hilo siku ya kwanza na likaganda. Miaka ishirini na saba alimfokea kwa waya ule, na Madoa alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, anarudisha simu mahali pake taratibu, kisha anaendelea kukoroga.

Umri wa kustaafu ukafika. Wakakata keki ofisini, wakampa saa ya ukutani, na meneja akamletea karatasi tatu za kusaini.

“Tunataka sauti yako ibaki nasi,” meneja alisema.

Watu wakapiga makofi. Subiri alidhani ni maneno ya sherehe, yale ya kumwambia mtu hutasahaulika. Akasaini zote tatu na krimu ya keki vidoleni, akaenda nyumbani kwa dada yake mkubwa, mjane, ambaye alikuwa akiishi naye kwenye nyumba ya vyumba viwili na uani.

Wiki mbili baadaye akakumbuka kwamba ameacha miwani yake ya kusomea kwenye droo. Ilikuwa saa nne asubuhi, dada yake anapepeta mchele. Akapiga kiwandani kwa simu ya dada yake. Simu ikapokelewa kabla haijalia mara ya pili.

“Karibu, mpendwa. Nikusaidie nini leo?”

Subiri akaitazama simu, akairudisha sikioni.

“Nani wewe?”

“Mimi ni msaidizi wa kiwanda, mpendwa. Niko hapa wakati wote.”

Ilikuwa sauti yake. Haikufanana nayo, ilikuwa yenyewe, pamoja na kile kipumzi kidogo kabla ya neno *mpendwa*, ambacho alikipata mwaka aliovunjika jino la mbele na hakikumtoka tena. Akaweka simu kwenye spika.

Dada yake akaacha kupepeta. “We mdogo wangu, una mtoto wa nje ambaye hukuniambia?”

“Ni mimi huyo.”

“Wewe si uko hapa?”

“Ndiyo ninavyojiuliza.”

Ile sauti ikasubiri kwa adabu, kisha ikasema, “Samahani, mpendwa, sijakuelewa. Jisikie huru kurudia.”

Kuanzia siku hiyo hakutulia. Kila asubuhi akitandika kitanda anapiga kiwandani, hasemi kitu, anasikiliza tu anavyokaribishwa na nafsi yake. Kwa muuza mboga akiuliza bei ya nyanya anashtuka anavyosikika, anageuka kuangalia nani kaongea. Mara nyingine alikuwa anajizuia katikati ya sentensi na kujishika koo, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango ameufunga. Dada yake akamwambia, “Umekufa au umestaafu? Mbona unajitembelea kama kaburi?” Subiri akaichukua simu, akapiga tena.

Mwezi wa tatu, dereva wa kiwanda akasimamisha gari mlangoni. Hakushuka na tabasamu.

“Meneja anakuita, mama. Sasa hivi.”

Kitu cha kwanza alichokisikia kiwandani kilikuwa kimya. Mashine za kukorogea, ambazo kwa miaka yote zilitikisa sakafu mpaka vikombe vya chai vikatembea mezani vyenyewe, zilikuwa zimezimwa. Wafanyakazi walikaa juu ya madebe matupu. Walimwona akipita, na hakuna aliyemwamkia. Mmoja alivuta mguu wake ndani, kama anampisha mtu mwenye ugonjwa.

Ofisini kulikuwa na watu watatu. Meneja nyuma ya meza. Binti wa kompyuta, msichana mwenye miwani mikubwa aliyetumwa kutoka makao makuu, na kompyuta yake magotini. Na Madoa, kwenye kiti cha pembeni, anatazama viatu. Mbele yake karatasi na kalamu.

“Nitasema kwa kifupi,” meneja alisema. “Vipimo vyote vya rangi viko kwenye kompyuta moja. Juzi wezi wa mtandaoni waliingia, wakafunga kila kitu. Hatuwezi kuchanganya hata debe la nyeupe. Waliingia kwa neno la siri. Neno hilo Madoa alimpa mtu kwa simu.”

“Madoa mjinga,” Subiri alisema. “Hilo ndilo umeniitia?”

“Alikupa wewe.”

Subiri akacheka. Akacheka peke yake, kicheko kikazunguka chumba kikakosa pa kukaa, kikarudi.

“Karatasi hiyo ni maelezo ya polisi,” meneja aliendelea. “Madoa akisaini kwamba anaitambua sauti, wao wako njiani, utaondoka nao leo. Na nitakuambia ukweli, mama, wengi hapa wanaamini. Umeondoka, nafasi yako tumeipa mashine. Mtu anaweza kuumia moyo.”

“Madoa,” Subiri alisema, “nitazame.”

Madoa hakumtazama. “Ulikuwa wewe, mama. Mimi sauti yako naijua kuliko ya mke wangu.”

“Si mna hiyo mashine yenu inayoongea kama mimi?”

“Mashine inapokea tu. Haipigi,” Madoa alisema polepole. Alionekana ameliwaza jambo hilo siku mbili nzima. “Huyu alinipigia. Akaniita kwa jina langu, lile la kweli. Akasema umerudishwa kazini wiki moja kuwasaidia mafundi. Nitakataaje?”

Akachukua kalamu. Kalamu ikafika kwenye karatasi.

“Simu hiyo imerekodiwa?” Subiri aliuliza haraka.

Binti wa kompyuta akainua kichwa. “Ndiyo, mama. Tangu mashine ya kupokea simu iwekwe, kila simu inarekodiwa.”

“Basi niisikie. Mtu hafungwi kwa maneno ambayo hajayasikia.”

Meneja akaitikia kwa kichwa. Binti akabonyeza. Chumba kikajaa Subiri.

“Kaka, habari za asubuhi. Samahani sana kukusumbua, najua una kazi nyingi. Mafundi wameniomba lile neno la siri la kompyuta ya vipimo... Asante, kaka. Nilitaka pia kukuambia, kazi yako ni nzuri. Tunakutegemea sana.”

Kipumzi kilikuwepo. Kila kitu kilikuwepo. Subiri akahisi kwamba aliyemo kwenye kompyuta ndiye mwenye damu, si yeye. Hata yeye, kama angeambiwa aape, angesita. Akasema, “Rudia.” Wakarudia. “Rudia tena.”

Mara ya tatu akanyoosha mgongo.

“Madoa. Miaka ishirini na saba. Nimewahi kukuita kaka?”

Madoa akazidi kutazama viatu.

“Nauliza, wewe konokono! Nimewahi?”

“Hapana, mama.”

“Nimewahi kukuomba samahani?”

“Hapana.”

“Asante nimewahi kukupa?”

“Hata ile siku ulipoanguka na jino likavunjika, nikakubeba mgongoni mpaka zahanati. Uliniambia natembea kama punda mlevi.”

“Kazi yako nimewahi kuisifu?”

“Hujawahi.”

“Sasa huyo aliyekupa asali hiyo yote ni nani?”

Binti wa kompyuta alikuwa ameacha kuchapa. “Subirini,” alisema. “Hii akili bandia ilifundishwa kwa simu zako, mama. Zile zilizokuwa zinarekodiwa. Zamani zilirekodiwa simu gani?”

“Za nje. Za wateja. Za ndani nani angezitaka?”

“Basi haijawahi kukusikia ukiongea na wenzako. Haijui kwamba...” Akatafuta neno.

“Kwamba nina mdomo mchafu. Sema tu, mwanangu.”

“Na mwizi hakuhitaji hata kuingia humu,” binti alimwambia meneja. “Anapiga simu kama mteja, anaizungumzisha mashine dakika tatu, anairekodi. Kwa sauti hiyo anatengeneza nyingine ya kwake, na hiyo inaweza kumpigia mtu yeyote. Jina la kweli la Madoa liko kwenye ubao wa wafanyakazi, mapokezi.”

Meneja akajifuta paji la uso. Akanyoosha mkono, akaichukua ile karatasi kutoka kwa Madoa, akaikunja mara nne. Hapo kesi ikaisha. Subiri angeondoka kwa mbwembwe, angemwambia kila aliyekaa juu ya debe maneno ya kumtosha mwaka mzima. Lakini Madoa alikuwa analia. Alilia bila sauti, machozi yanachora njia kwenye mashavu yenye vumbi la rangi.

“Nilijua si kawaida yako,” alisema. “Mwanzoni tu nilijua. Nikasema moyoni, pengine amekaa nyumbani akanikumbuka. Pengine amelainika. Sikutaka kuuliza, mama. Niliogopa nikiuliza utaacha.”

Miaka yote Subiri hakuwahi kukosa neno la kumtupia mtu yule. Leo akageuka, akatoka.

Njiani dereva aliongea peke yake. Subiri alikuwa anawaza kwamba ameokolewa na ukali wake. Kama wangepata mahali popote alipowahi kuwa mwema kwa mtu wa karibu, angefungwa. Na yule mwingine, yule asiye na mwili, alihitaji simu moja tu kumpa Madoa kile ambacho yeye alimnyima miaka ishirini na saba.

Akawaza pia alichoambiwa na binti mlangoni. Kiwanda kitaizima mashine yake leo leo, lakini ile ya wezi haina mlango wa kuigongea, na namba zote zilizowahi kupiga kiwandani wanazo. Iko. Itakuwepo. “Hata wewe ukifa, mama,” binti alisema, kisha akashika mdomo wake kwa aibu.

Alipofika nyumbani, jua likiwa bado juu ya ukuta wa uani, alimkuta dada yake amekaa kwenye kigoda na simu sikioni. Alikuwa anatabasamu. Subiri hakukumbuka mara ya mwisho kuliona tabasamu lile, la mtu anayebembelezwa.

“Ndiyo,” dada alikuwa anasema. “Goti bado. Likipata baridi, hapo ndipo balaa. Leo umekumbuka kuniuliza, mdogo wangu? Asante. Ndiyo... kitambulisho kiko ndani, nikuletee namba?”

Kivuli cha Subiri kikamwangukia magotini. Dada akainua macho. Akamtazama aliyesimama mbele yake, akaisikia sauti ileile sikioni ikiendelea kuongea, na tabasamu likabaki usoni limesahauliwa na mwenyewe.

Subiri alijua la kufanya. Amnyang'anye simu, apige kelele, amwambie bibi wewe huna akili. Badala yake akachuchumaa. Maneno yalimtoka mazito, kama mtu anayevaa viatu vya mwingine.

“Dada yangu. Goti linakuumaje? Samahani. Sijawahi kukuuliza.”

Kipumzi kikapita kwenye pengo la jino.

Dada akakata simu. Akaiweka chini, mbali, akaisukuma kwa kidole. Kisha akavuta kigoda chake nyuma, hatua moja, akakaza macho.

“Nitukane,” alisema.

“Dada?”

“Nitukane kidogo, mdogo wangu. Nijue ni wewe.”

Subiri akatafuta. Alitafuta kotekote, kwenye kifua, kwenye koo, chini ya ulimi. Simu ikaanza kulia tena pale sakafuni, na dada bado alikuwa anamsubiri.