Makofi mawili kwenye bodi: nilivyojifunza kupaki kwa rivasi enzi za Mwingereza

Wakuu, nawasalimu, ingawa wengi wenu humu ndio mlitakiwa kuniamkia. Nina miaka themanini na saba, naandika kwa kidole kimoja, na kwa umri huu uongo wa nini?

Miaka ya hamsini nilikuwa kibarua wa Mhindi mmoja muuza mbao. Mie na mke wangu Somoe, wote watu wa Lindi, tulijibanza kwa mjomba wangu Temeke. Chumba kimoja, pazia katikati. Somoe aliposhika mimba, mjomba akasema wazi kwamba mtoto hana pa kulala.

Tajiri akaniambia, "Ukipata leseni, pikapu ni yako na chumba cha uani ni chako."

Kwenda mbele nilikuwa fiti. Ishu ilikuwa rivasi, kuingiza gari katikati ya mapipa mawili.

Kila Jumapili tajiri alituazima pikapu, tukaenda nayo uwanjani. Somoe anasimama nyuma, mkono kwenye bodi ya gari, kama walivyofanya matandiboi, wale utingo wa malori. Makofi mawili, njoo. Moja, simama.

Nikikosea ananichamba: "We baba, unarudisha gari au unaswaga mbuzi? Taratibu!"

Watu walicheka kuona mwanamke anaamrisha gari. Yeye wala.

Miezi ilipokaribia kutimia akaenda kujifungulia kwao, si mnajua mimba ya kwanza. Akaniambia, "Usije kunichukua mpaka uwe na chumba."

Siku ya jaribio, mkaguzi Mzungu kakaa pembeni yangu. Mbele safi. Akasema rudi nyuma. Nikatia gia, nikatulia.

Akarudia. Bado nimetulia.

Wakuu, nilikuwa nangoja kofi! Na nyuma hapakuwa na mtu. Nilipoachia breki nikaangusha pipa. Nikafeli.

Baada ya siku chache ikaja barua, tumepata binti. Nililia, sifichi. Mwanangu simjui sura, na mke wangu nilimtamani hadi nikawa najifunika kanga yake aliyoiacha.

Jaribio la pili nikashusha kioo, nikatoa mkono, nikaupiga mlango mara mbili. Gari likaanza kurudi. Nikapiga tena mbili. Lilipokaa sawa katikati ya mapipa, nikapiga moja, breki.

Mzungu akauliza, "Unampigia nani?"

"Mke wangu, bwana. Yuko Lindi."

Akayatazama mapipa, akaandika. Nikapata leseni, nikapata chumba, nikaenda kuwachukua wangu.

Maisha yote Somoe alikuwa akishuka kunipigia bodi, hata pasipo haja. Ametutoka mwaka wa nne huu.

Sasa jana, hapa Mbagala, mjukuu wetu wa kike alikuwa anajifunza kupaki. Ana jaribio wiki ijayo, na rivasi inamshinda. Nikashuka na mkongojo wangu, nikasimama nyuma, nikapiga mbili.

Gari likaja.

Kumbe ukiwa pale nyuma, dereva unamwona kisogo tu, na chuma chote kinakujia wewe. Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyemwamini Somoe.

Nikapiga moja. Likasimama. Mkono nikauacha pale pale kwenye bodi, mpaka mjukuu akaita, "Babu, vipi?"

Nilichojifunza ni hicho: anayekusimamia nyuma, mshukuru angali anasikia. Mie nilichelewa.

Haya, nyie semeni. Wakati mnajifunza, nani alisimama nyuma ya gari lenu?