Mkia wa Mbuzi wa Makandi

"Hiyo mguu unapeleka wapi?"

Mzee Salesio hakuinua sauti. Aliinua fimbo tu, akaikingamisha mbele ya sinia vile mtu huzuia ng'ombe asiingie kwa mahindi.

Kiogora akasimama, kisu mkono mmoja, sinia mkono mwingine. Akaeleza kwamba mguu unaenda kwa mwenye sherehe ya kuhitimu, yaani Makandi, ambaye alikuwa ameketi hapo kwa hema na gauni lake jeusi na ile kofia ya pembe nne, akifukuza nzi.

"Mguu wa nyuma ni ya wakwe," Mzee Salesio akasema. "Makandi ni mkwe wa nani hapa? Mkwe wa koleji?"

Wageni wa nyuma wakacheka. Wa mbele hawakucheka, maana walikuwa karibu na nyama na harufu ilikuwa imewamaliza. Mchungaji alishaombea chakula kitambo, na maombi ya chakula nayo huwa yanapoa kama nyama yakiachwa tu hivyo.

Kiogora hakucheka hata kidogo. Kwa hao wengine haya yalikuwa maneno ya mguu wa mbuzi. Kwake yalikuwa maneno ya kisu.

Kama humjui Kiogora, ni yule mtu mrefu wa Ruiri mwenye hutembea kama amesahau kitu nyumbani. Shule aliiacha kidato cha pili. Akauza mitumba, mvua ikainyeshea. Akawa soja wa duka, duka likafungwa, akabaki akilinda mlango tu. Akafuga kuku, na mwewe ndiye aliyenufaika. Halafu siku moja kwa harusi ya watu, mkataji nyama wa ukoo akashikwa na mgongo akiwa ameinama juu ya mbuzi. Walimbeba nyumbani akiwa amekunjika hivyo hivyo kama kiti. Mtu akamwambia Kiogora ashike kisu kidogo, watafute mwingine. Akashika. Hakuna aliyetafuta mwingine, na yeye hakukumbusha mtu.

Tangu hapo akawa mtu kati ya watu. Harusi ikiwa Mitunguu kule chini kwa ndizi, anaitwa. Mahari ikipelekwa, anaitwa. Kwa sababu huku kwetu kukata nyama si kukata tu. Kwa huo ukoo wao, mbuzi ni kama shamba lililopimwa, kila kipande kiko na mwenyewe. Kichwa ni cha wazee. Mgongo wa akina mama. Masikio ya wasichana. Mguu wa nyuma, wakwe. Na mkia ni wa mkataji, anaukula hapo hapo kwa moto akionja chumvi, hakuna mtu humwuliza.

Na ukila kipande cha mwingine, unabeba kazi ya huyo mwenyewe. Usidhani ni mchezo. Muulize Ndambiri wa Mitunguu, aliyekula ubavu wa msimamizi wa harusi akifikiri ni wa wageni. Mpaka leo wale maharusi wakikosana, ni yeye wanapigia simu. Amechoka na ndoa ya watu, na yake mwenyewe bado hajapata.

Sasa Krismasi iliyopita Kiogora aliteleza. Mkono ulienda haraka, mama mkwe wa watu akapewa mapafu. Wale wakwe waliinuka wakaenda, wakaacha soda bado zinatoa povu. Wazee wakamkalisha Kiogora chini. Wakamwambia kosa lingine moja tu, kisu kinaenda kwa Kithinji.

Huyu Kithinji ni kijana wa juzi, anakata mbuzi kwa panga kama anapasua kuni. Leo hakuwa amealikwa, lakini alikuwa amesimama hapo kwa ua na aproni mpya ameikunja kwapani.

Kwa hiyo Kiogora aliirudisha sinia mezani polepole. Akainama kidogo, akauliza kwa heshima zote:

"Sawa, Mzee. Sasa mtu wa diploma anakula wapi ya mbuzi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu hakuna aliyejua. Makandi alikuwa wa kwanza kwa huo ukoo kuvaa gauni. Mbuzi ilipogawanywa zamani za mababu, diploma haikuwa imefika.

Wazee wakaitana kikao nyuma ya tangi la maji. Kiogora akasimama pembeni na kisu, akiangalia jua. Alikuwa na zamu ya maji ya mradi hiyo jioni, ya kumwagilia vitunguu vyake. Koki isipofunguliwa na mwenyewe, jirani yake Mwirigi huwa anafungulia kabichi zake, halafu kesho anasema alidhani umesafiri.

Kwanza wazee walitaka kujua hiyo diploma ni ya nini. Baba yake Makandi akasema ni ya mambo ya kununua vitu. Vitu gani? Vya ofisi. Mzee Salesio akatikisa kichwa. Akasema mama yake Makandi hununua vitu sokoni Gakoromone kila wiki na hakuna mtu amewahi kumvalisha gauni.

Mmoja akatoa wazo apewe kichwa, kwa maana amesoma na kichwa. Wenzake wakamwangalia hivi, akakohoa, akaliondoa hilo wazo mwenyewe. Mwingine akataja ulimi. Mama yake Makandi, ambaye hakuwa kwa kikao lakini alikuwa akipita na sufuria ya mukimo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akasema huyo msichana ulimi alionao unatosha. Masikio? Ni ya wasichana, sawa, lakini mtu akishapata diploma hasikii tena mtu. Maini? Shosho Karwirwa, nyanya yake Makandi, alishayaulizia tangu asubuhi, na nani atasimama mbele ya shosho asiye na meno amwambie maini yameenda kusoma?

Huku nje yule kijana wa spika alikuwa amemaliza nyimbo za injili alizokuwa nazo, akaanza upya kutoka mwanzo. Watoto walikuwa wanalamba chumvi. Mchungaji akaulizwa kama anaweza kuombea tena chakula ili maombi yapate moto, akasema hiyo haiko kwa kanisa lao.

Mwishowe Mzee Salesio akagonga fimbo. Akasema ameona. Mkia ndio mwisho wa mbuzi, na diploma ndiyo mwisho wa masomo. Mtu wa diploma apewe mkia.

Baba yake Makandi akasema kwa sauti ndogo kwamba baada ya diploma bado kuna digrii.

"Hiyo ni mbuzi ingine," Mzee Salesio akasema.

Wote wakaona ni kweli. Wakainuka wakipanguza suruali, wamefurahi sana, kama watu wameleta barabara ya lami.

"Kiogora, lete mkia."

Kiogora alijaribu kumeza mate, lakini hakukuwa na nafasi. Kifupa kidogo cha mwisho kilikuwa bado shavuni. Alikuwa anakinyonya tangu kikao kianze.

Wazee wote wakageuka. Walimwangalia tu shavu. Kithinji akatoa aproni kwapani, akaikung'uta.

Kiogora akajitetea kwamba alipoukula mkia ulikuwa wake. Mzee Salesio akakubali. Akasema ni kweli ulikuwa wake wakati wa kuweka mdomoni, lakini sheria imefika kabla hajamaliza kumeza. Ameula mkia wa mwingine, sasa atabeba kazi ya mwenyewe. Gauni liletwe.

Makandi, aliposikia, alikuwa ameshalivua kabla mtu hajamwambia. Usimlaumu. Tangu asubuhi wajomba walikuwa wanamjia mmoja mmoja, kila mmoja na kijana wa kutafutiwa kazi. Na kwa ratiba kulikuwa na hotuba yake, ambayo alikuwa ameiogopa kuliko mitihani. Alimvalisha Kiogora mwenyewe, akamfunga vifungo, akamwekea kofia. Gauni likamfika magotini. Akamwambia polepole:

"Pole, na hongera."

Wakamkalisha kwa kiti chenye maua. Shosho Karwirwa akaletwa kubariki. Macho ya shosho siku hizi yanaona rangi tu, na alikuwa ameambiwa yule mwenye nyeusi ndiye. Akamtemea mate ya baraka kifuani, akampapasa uso wote.

"Mjukuu wangu, umekonda," akasema. "Na umeota ndevu. Kumbe masomo ni ngumu hivi."

Mpiga picha akapiga. Akina mama wakapiga vigelegele, si kwa sababu walielewa, ni kwa sababu vigelegele vilikuwa vimekaa tumboni muda mrefu bila kazi. Halafu wale wajomba wakahamisha foleni. Na wa kwanza kwa foleni alikuwa Mzee Salesio mwenyewe.

"Sasa wewe mtu wa diploma," akasema, "kijana wangu Koome amekaa nyumbani tu. Mtazame."

"Mzee, mimi mwenyewe sina kazi. Unanijua."

"Hivyo ndivyo nyote husema mkishasoma."

Kiogora akajaribu kuinuka. Kisu kilikuwa bado mkononi, chini ya lile gauni. Mzee Salesio akakiona. Akasema mwenye gauni hakati nyama, hata kwa mazishi haijawahi kuonekana. Akiweke chini. Na hiyo haikuwa adhabu, wamwelewe vizuri, hiyo ilikuwa heshima. Kuanzia leo Kiogora atakuwa anaalikwa kuketi.

Kithinji alikuwa ameshajifunga aproni. Alikuwa anakuja.

Mtu aliyezoea kuitwa kukata hajui vile kualikwa kuketi kunauma. Kiogora aliona harusi zote za mbele, yeye akiwa kwa kiti chenye maua, mikono juu ya mapaja, na mbuzi wa watu wakipasuliwa kama kuni kule nyuma. Akasimama. Akaomba kipaza sauti, akasema ni saa ya hotuba ya mwenye gauni.

Hiyo Mzee Salesio hangekataa. Asubuhi yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba mwenye gauni akiongea, hakuna mtu atapita mbele yake, hata kuku. Kithinji akasimama pale alipofika, mguu mmoja mbele.

Kiogora akasema anashukuru. Akasema yeye amebeba kazi ya Makandi, na ni haki, hakatai. Halafu akamgeukia Mzee.

"Lakini mimi nikibeba kazi yake, yangu imebaki bila mtu. Na Makandi amebaki bila kazi. Mzee, sheria inasema nini hapo?"

Mzee Salesio akafikiri. Aliangalia fimbo, akaangalia chini, akaangalia nyama. Njaa ilikuwa imemshika na yeye ni mtu mzima. Akasema sheria ni kamba ya ncha mbili, ikifunga huku inafunga na kule. Makandi ashike kisu. Gauni likirudi kwa mwenyewe, kisu nacho kinarudi kwa mwenyewe.

"Umesema mbele ya watu," Kiogora akasema kwa kipaza sauti, ikasikika mpaka barabarani.

"Nimesema."

Kithinji akafungua kamba za aproni. Moja ilikuwa imeingia fundo, ikamchukua muda, na watu wote wakimwangalia.

Makandi akakunja mikono ya blauzi akaingia kazini. Alikata vibaya. Mbavu zilitoka na mgongo, mgongo ukatoka na kitu hakuna mtu alikijua. Kiogora alikuwa anamwelekeza kutoka kitini kwa kidole kama trafiki, hapo juu, hapo kando, rudisha. Lakini nyama ikatembea, watu wakaanza kutafuna, na lile kundi la wajomba likayeyuka.

Hivyo ndivyo mguu wa nyuma ulivyofika kwa Mzee Salesio. Makandi aliuweka mbele yake bila kujua, au akijua, mimi sijui. Mzee aliuangalia ule mguu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akauma.

Kiogora aliona. Mkataji angesema kitu, ni kazi yake. Lakini yeye hakuwa mkataji kwa wakati huo, alikuwa mgeni wa heshima, akanyamaza. Mzee Salesio akaula mguu wa wakwe mpaka kwa mfupa. Sasa atakuwa mkwe wa nani, hiyo itahitaji kikao kingine.

Alipoinua macho kutoka hapo, Kiogora akaona kitu ng'ambo ya ua. Mwirigi alikuwa anapita amevaa gambuti, jembe begani, akitembea kama mtu hana haraka, akielekea upande wa koki.

Akainuka. Makandi akamwona, akainua kisu.

"Gauni ni ya koleji. Inarudi Jumatatu."

Kiogora akapima. Akilivua hapo, kisu kinarudi mkononi saa hiyo hiyo, na kuna mbuzi wa pili aliyewekwa kwa moto sasa hivi, bado mzima. Mpaka amalize, kabichi za Mwirigi zitakuwa zinaogelea.

"Endelea kukata," akamwambia. "Kesho asubuhi naleta gauni, unanipa kisu. Na mkia wa huyo wa pili usiguse. Usije ukapewa kazi ya mtu."

Mtu akauliza mwenye sherehe anaenda wapi na chakula ndio kimeanza. Kiogora alipandisha gauni akaliingiza kwa mshipi, akaazima jembe lililoegemea ua, akaruka mtaro. Kofia akaivua akaibana kwapani, maana upepo wa Ruiri hauheshimu mtu. Kisha akakata kona nyuma ya shamba la viazi, mikono ya gauni ikipepea, kwenda kumwahi Mwirigi kwa koki.