Digrii ya Sayansi Zote

Alama zangu za sekondari hazikutosha udaktari. Zilitosha uuguzi, na baba, dereva mstaafu wa jeshi, alikwisha kuwatangazia majirani zetu wa Bugembe kwamba bintiye atavaa nyeupe. Mimi nikajaza fomu ya sayansi ya mazingira katika chuo kimoja cha Mbale: kemia, biolojia, miamba, udongo na takwimu, vyote ndani ya digrii moja. Sikutaka kuacha hata somo moja.

"Ukimaliza watu watakuita nani?" baba aliuliza. Nikaipeleka fomu.

Tangu hapo, kila nilipokuja likizo alinifanya kichekesho cha wageni wake wa Ijumaa. Wazee wanne watano wakitoka msikitini walikaa barazani kunywa chai, naye ananiita. "Hii mtoto yangu anasoma kila kitu. Muulizeni." Mmoja akataka dawa ya mbuzi anayeharisha. Nikasema mimi si daktari wa mifugo. "Mmeona?" baba akasema. "Anasoma kila kitu, hajui kitu." Walicheka mpaka chai ikamwagika.

Mbale nako hakukuwa na nafuu. Watu wa kemia walitukalisha sisi wa mazingira benchi la nyuma kwa kuwa si wenzao; watu wa biolojia walituona wa kemia. Nilirudi chumbani kwangu mtaa wa Malukhu na hasira, nikasoma kwa hasira hiyohiyo.

Mwaka wa tatu, kwa mradi wa utafiti, nilichagua kisima cha baba. Alikichimba kwa mikono yake, na nusu ya mtaa walichota pale bure. Nilipima mteremko, nikachunguza udongo, nikapeleka maji maabara. Kwa mara ya kwanza masomo yangu yote yalisema neno moja: choo chetu, kilicho juu kidogo, kilivujia kisimani.

Ningeweza kumwambia faraghani. Nilingoja Ijumaa.

Alipoanza, "Muulizeni," nikasema, "Leo ninalo jibu. Maji ya kisima hiki yana kinyesi chetu." Nikaeleza hatua kwa hatua, nikimtazama yeye tu. Chai imechemshwa, nikasema, haitawadhuru. Ila watoto wanaoyanywa mabichi yatawadhuru.

Mzee wa nyumba ya jirani aliweka kikombe chini. Miezi michache nyuma alikuwa amemzika mjukuu wake kwa kuhara. Nilikuwa nimemsahau kabisa yule mtoto.

"Afande," alimwambia baba taratibu, "mtoto wetu alikufa kwa haya?"

Baba akanigeukia, akanirudishia swali. Ndiyo mara pekee aliyoniuliza kitu akitaka kweli kujua.

"Sijui," nikasema. Na kweli, hakuna kipimo ambacho kingeweza kurudi nyuma kiasi hicho.

Jioni mama aliniambia, "Ungemwambia jikoni."

Baba alikifukia kisima peke yake, siku tatu. Nilipochukua koleo nimsaidie, alilitoa mkononi mwangu, akaendelea. Yule jirani hakukanyaga tena baraza letu. Walipokutana njiani, walipita kila mmoja upande wake.

Mradi wangu uliongoza darasa. Siku ya mahafali mama alikuja Mbale peke yake. Alisema baba ana homa. Hakuwa na homa.