Aje na Mzazi

Sokoni Kathonzweni, kwa muda wa miaka mitano, karibu hakuna aliyemwita Mutindi kwa jina lake. Alikuwa Mama Injinia. Wauza nyanya walimwita hivyo, mwenye kinu cha kusaga alimwita hivyo, na hata mchungaji, siku aliyomsimamisha atoe ushuhuda, alisema, "Mama Injinia, karibu mbele." Mutindi akazoea. Kwa kweli alipenda.

Mumewe Muli alikuwa fundi wa kujenga. Alijenga madarasa, zahanati na maduka, kuanzia huku Makueni hadi Mwingi, na kila mjengo ulikuwa na kijana injinia wa kofia nyeupe aliyeshuka garini na kumnyooshea kidole mbele ya vibarua wake: ukuta huu umepinda, bomoa, anza upya. Muli alibomoa. Jioni alirudi nyumbani na saruji kwenye kope, akamkuta mtoto wao wa pekee, Kiema, akifanya hesabu mezani, naye akasema, "Huyu ndiye atavaa ile kofia."

Kiema alipomaliza sekondari alitaka kuwa mwalimu wa historia. Alisema mara moja tu, kwa sauti ndogo. Baba yake akacheka, wala si kwa ubaya. "Historia ni mambo yaliyokwisha, bwana." Wakaenda wote watatu kwenye duka la kompyuta kuchagua kozi, na Muli alisimama nyuma ya kiti mpaka Kiema akabonyeza alichoambiwa abonyeze. Mutindi alikuwa pale. Aliona jinsi mabega ya mtoto yalivyoshuka. Akajiambia ni uchovu wa safari.

Na kama kumsaidia mtoto ni kutoa, wazazi hawa walitoa. Fahali wawili waliuzwa, kisha shamba la mtoni likakodishwa. Karo, aliyotumiwa Kiema mwenyewe, haikuchelewa hata muhula mmoja. Kila chuo kilipofunguliwa, mfuko wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na debe la ndengu vilipakiwa kwenye basi. Na kila Jumapili baada ya ibada, Mutindi alimpigia simu mwanawe. Aliiweka simu katikati ya meza, kwenye spika, ili wote wasikie: Muli, dada yake Muli aitwaye Ndunge, na majirani waliopitia chai.

"Injinia wetu, masomo yaendaje?"

"Poa, Mum."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Unaomba?"

"Naomba."

"Basi usituangushe."

Ndunge alipiga kigelegele, simu ikakatwa, na kila mtu akarudia kikombe chake roho ikiwa kwatu. Mutindi hakumbuki hata Jumapili moja aliyoongea na mwanawe wakiwa wawili peke yao.

Desemba ya mwaka wa pili, Kiema alikuja nyumbani amekonda. Alilala mpaka saa nne asubuhi, akaamka, akakaa ukingoni mwa kitanda akiangalia sakafu. Mutindi alimwambia chuo kimemfundisha uvivu. Siku moja alikuwa jikoni akipepeta ndengu, Kiema akaingia, akavuta kigoda, akakaa karibu naye kama alivyofanya alipokuwa mdogo.

"Mum," akasema, "mtu akiacha kusoma anakuwa nani?"

Mutindi alicheka. "Anakuwa kama mimi. Anapepeta ndengu."

"Kuna kitu nataka kukuambia."

Wakati huohuo akina mama wa kanisa wakabisha hodi nje. Mutindi akaweka ungo chini, akajifuta vumbi. "Sema haraka, wageni wamefika."

"Wacha tu," akasema Kiema. "Si kitu."

Wageni wakaingia, wakamshika injinia mkono, wakambariki. Januari akarudi chuoni na mfuko wake wa muthokoi. Likizo zilizofuata hakuja sana. Alisema ana kazi za mafunzo huku na kule, na nyumbani walijivunia hata kutokuja kwake.

Mwaka wa tano ulipokaribia mwisho, kanisa lilijitolea. Basi la kuwapeleka watu kwenye mahafali likalipiwa. Hema likaagizwa. Muli, ambaye tangu harusi yake hakuwa amevaa suti, alipimwa na fundi cherehani pale sokoni, akasimama mikono imenyooka kama mtoto anayepimwa sare. Lakini simu ya Kiema ilikuwa haipatikani kwa wiki mbili, na hakuna aliyejua kila mhitimu anaruhusiwa wageni wangapi. Mutindi akaamua kwenda mwenyewe kuuliza.

Katika ofisi ya chuo alimkuta karani, mwanamke wa umri wake, mwenye miwani na sauti ya upole. Karani akatafuta kwenye kompyuta. Akatafuta tena.

"Mama, jina hilo haliko kwenye orodha ya wanaohitimu."

"Angalia vizuri. Kiema Muli. Ni wa uinjinia."

Karani aliangalia kwa muda mrefu. Alipoinua uso, alikuwa amevua miwani.

"Huyu aliondoka mwaka wa pili, mama. Hesabu zilimshinda, akarudia mtihani, zikamshinda tena. Hakufukuzwa. Aliandikiwa barua: arudie mwaka, na kabla ya hapo aje na mzazi tuzungumze, tuone shida ni nini. Hakuja na mzazi."

Mutindi alikuwa amekaza mkoba wake kifuani kwa mikono miwili. "Mzazi ni mimi," akasema. "Nimekuja."

Karani alimvutia kiti.

Namba pekee nyingine aliyokuwa nayo ilikuwa ya Idris, kijana wa Mwingi ambaye Kiema aliishi naye mwaka wa kwanza. Idris alikuja mbio hadi langoni. Alimwamkia kwa heshima, kisha akasimama bila kumtazama usoni.

"Mama, nilimwambia mara nyingi awaambie. Aliniapisha nisiseme. Mimi humpelekea chakula. Siku zingine hakifungui."

Alimpeleka hadi nyuma ya soko la mji ule, kwenye ploti ya vyumba vya mabati. Dirisha la chumba cha mwisho lilikuwa limefunikwa kwa blanketi. Mutindi alilijua lile blanketi. Alilinunua yeye, la rangi ya damu ya mzee, wiki ile mtoto alipoitwa chuoni.

Kiema alikuwa amelala akitazama ukuta. Aligeuka, akamwona mama yake, na uso wake haukubadilika. Hilo ndilo lililomtisha Mutindi kuliko kukonda kwake, kuliko ndevu, kuliko harufu ya chumba. Hakushtuka. Hakuona aibu. Alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani.

Idris akatoka nje, akarudisha mlango.

"Kwa nini hukuniambia?" Mutindi aliuliza. Alitaka liwe swali la upole. Lilitoka kama kesi.

"Ningekuambia lini, Mum?"

"Kila Jumapili nilikupigia!"

"Ulinipigia na watu." Alisema bila hasira. "Nilikuwa naskia vikombe. Naskia aunti akicheka. Ningesema nini hapo? Ile Desemba nilikuja na barua kwa mfuko. Nilikaa na wewe jikoni."

Mutindi alikumbuka ungo. Alikumbuka akijifuta vumbi.

"Na karo tuliyotuma miaka hii yote?"

"Nililipa nyumba. Nilikula. Mwanzoni nilidhani nitapata njia ya kurudi. Halafu ikawa siku imepita, mwezi umepita. Nikiamka naona ni afadhali nisiamke."

Maneno hayo ya mwisho Mutindi aliyasikia vizuri sana, na hakujua afanye nayo nini. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumfundisha neno la kumjibu mtu anayesema hivyo. Akafanya alichojua. Akakunja nguo, akafagia, akafungua dirisha, akasema, "Inuka, twende nyumbani."

Kiema aliinuka. Alimfuata kama mgonjwa anavyofuata muuguzi.

Muli alikuwa uani walipofika, anachonga mpini wa jembe. Mutindi alikuwa ameshamweleza kwa simu. Muli alimtazama mwanawe kutoka viatu hadi kichwa. Mutindi alingoja apige kelele, hata apige mtu, mradi jambo lianze na liishe. Muli aliweka panga chini, akaingia ndani, akatoka na mfuko wake wa vifaa: mwiko, pima maji, uzi.

"Kuna kazi Mwingi," akasema. "Wananingoja."

"Baba Kiema, ongea na mtoto kwanza."

"Niongee nini? Mimi ni fundi. Naweza kubomoa ukuta. Huyu nitabomoa wapi?"

Akaenda. Wiki zikapita hajarudi. Kila Jumamosi alituma pesa ya unga, na hakuuliza kitu. Suti yake ilibaki kwa fundi, haijatiwa vifungo.

Basi lilifutwa, hema likafutwa, na habari zikafika Kathonzweni nzima kabla ya wiki kuisha. Hakuna aliyecheka mbele yake. Watu walikuwa wema, na wema wao ulikuwa mzito kubeba. Mchungaji alikuja na wazee wawili, wakakaa, wakanywa chai, wakasema adui amemshambulia kijana kwa sababu ya wito mkubwa alio nao. Wangemwombea Jumapili.

"Mbele ya watu?" Kiema alimuuliza mama yake baadaye. Tangu aje nyumbani, hilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Ni maombi tu."

"Mum, sitaki. Tafadhali."

Hapo Mutindi angeweza kusema sawa. Neno lenyewe ni dogo. Lakini alikuwa amechoka kubeba jambo hili peke yake, na alitaka mtu mwingine, mwenye sauti kubwa kuliko yake, alichukue alimalize. "Ni mara moja," akasema. "Fanya kwa ajili yangu."

Jumapili ile kanisa lilijaa hadi mlangoni. Mchungaji alipoita, Kiema hakusogea. Mutindi alimwekea mkono mgongoni, akamsukuma kidogo, polepole, kama unavyomsukuma mtoto siku ya kwanza ya shule. "Enda, mwanangu." Chini ya shati alihisi mifupa. Kiema akaenda. Wakamwekea mikono kichwani, wakapaza sauti, wakakemea roho ya uongo na roho ya kushindwa, wakimtaja kwa jina kwenye kipaza sauti. Ndunge alilia kwa nguvu mstari wa mbele. Kiema alisimama macho wazi. Mara moja aligeuza kichwa, akatafuta katikati ya watu mpaka akamwona mama yake, akamtazama, kisha akaangalia pengine.

Jumatatu asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa.

Walimtafuta. Mutindi alikwenda kwenye ile ploti ya mabati, akakuta familia nyingine ndani. Idris aliulizia marafiki wote. Muli, aliposikia, aliacha ukuta nusu huko Mwingi, akatembea mji mzima akiwaonyesha madereva wa malori picha ya kijana aliyevaa sare ya shule, kwa maana hakuwa na picha nyingine. Polisi waliandika jina. Wiki ya saba ulikuja ujumbe kwenye simu ya Idris kutoka namba ngeni: *Waambie niko hai. Wasinitafute.* Walipoipigia, ilikuwa imezimwa.

Siku hizi Muli yuko nyumbani. Hapokei kazi. Hukaa kivulini mwa choo cha mawe alichokijenga mwenyewe, na mara moja, bila kuulizwa, alimwambia Mutindi, "Hata ualimu ni kazi." Jibu lingesaidia nini?

Mwezi uliopita alikuja jirani yao Kavindu, uso unameta. Binti yake ameitwa chuo cha uuguzi.

"Mama Kiema, wewe unajua mambo haya. Nimnunulie nini?"

Mutindi alimtajia: sanduku lenye kufuli, godoro, mablanketi mawili, ndoo, sufuria, taa ya kuchaji. Kavindu aliandika nyuma ya bahasha, akirudia kila neno. Alipomaliza, akainuka kwenda.

"Kavindu," Mutindi akasema. "Huyo msichana... alichagua mwenyewe uuguzi?"

Kavindu alisimama. Uso ulififia kidogo. "Kwa nini unauliza hivyo?"

"Nauliza tu. Keti naye. Kabla hajaenda, keti naye mkiwa wawili, umuulize, halafu unyamaze. Hata akikuambia kitu kibaya, unyamaze kwanza."

"Mama Kiema," alisema Kavindu, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga mlango taratibu asimwudhi aliye nje, "najua una uchungu. Lakini wangu si kama wako. Wangu ana bidii."

Aliikunja bahasha, akaiingiza kwenye blauzi, akaaga. Mutindi alimsikia akiteremka njia ya kwenda sokoni, akimwita binti yake kwa sauti ya furaha, akimwambia aharakishe, maduka yatajaa watu.