Majani ya Mto Cole

Harufu hunifikia kabla sijauona mto. Ni ya kitunguu saumu, ila mbichi zaidi, kama kuna mtu anaponda saumu na nyasi kwenye kinu kimoja. Nikiipata tu narudi kuwa na miaka minane, nimevalishwa makoti mawili, namfuata Mama kwenye matope.

Tuliishi Sparkbrook, mwanzoni mwa miaka ya sabini: mimi, mdogo wangu Elia, Baba aliyekuwa fundi kiwandani, na Mama aliyekuwa muuguzi. Mboga yetu ilikuwa kabichi. Kulikuwa na maduka ya Wahindi waliotoka Nairobi na Kampala, ukiwasalimu kwa Kiswahili wanakuongezea pilipili, lakini mboga ya kuchuma kwa mkono wako haikuwepo. Na Mama alikulia milima ya Taita, ambako mwanamke harudi nyumbani mikono mitupu: huku kachuma mnavu, kule mchicha. Kutembea bila kuchuma kulimchosha. Hata Birmingham macho yake yalikuwa yakipekua nyufa za barabara.

Ndipo Machi moja akayaona, chini ya miti kando ya mto Cole: majani mapana, laini, yametanda ardhi yote. Akachuma moja, akalisugua, akanusa, na uso wake ukachangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tufike Uingereza.

Jirani yetu Bi Doris, mjane wa Kiingereza, ndiye aliyetuzuia. Alituambia kwamba yanalika, ndiyo, lakini kuna mmea mwingine wenye majani kama hayo hayo, nao una sumu. Ukiula, moyo hupunguza mwendo mpaka unasimama. Alisema hivyo huku akinywa chai yetu ya tangawizi, kwa sauti ile ile ya kusema kesho itanyesha.

Basi Mama akaamua kuusoma mmea wake. Kila Jumapili baada ya kanisa tulipitia mtoni, na viatu vyetu vya kanisani, kwenda kuutazama. Alichimbua mmoja akatuonyesha: chini kuna kitunguu kimoja cheupe, chembamba kama kidole cha Elia. Kila jani limetoka ardhini kwa kikonyo chake. Ule wa sumu, kwa maelezo ya Bi Doris, hauna kitunguu, una mizizi inayotambaa, na majani yake hutoka mawili mawili yamekumbatiana kwenye shina moja. Mwisho wa Aprili maua yakatoka, nyota nyeupe za petali sita, nyingi kwenye kichwa kimoja, juu ya kikonyo chenye pembe tatu ukikiviringisha vidoleni. Ule mwingine ungetoa vikengele vidogo vilivyopangana upande mmoja.

"Sasa nimeyajua," Mama akasema.

Jumamosi iliyofuata tukaenda na mifuko, Baba akaja kusaidia. Mama alichuma jani moja moja kwenye mimea yenye maua. Baba, mtu wa kazi za haraka, alikumba kwa mikono miwili popote palipokuwa kijani. Kwenye basi la kurudi watu walihama viti, na kondakta akafungua madirisha yote.

Nyumbani Mama akachungulia mfuko wa Baba. "Baba Rehema, haya uliyachuma penye maua?"

"Si yananuka yote? Nusa," Baba akasema, akinusa jani baada ya jani kama daktari.

Mama akamtoa kijiko mkononi, kile alichokuwa akikorogea chai, akampelekea puani. "Na hiki?"

Baba akanusa. Kijiko kilinuka saumu tupu, maana mikono yake yote ilikuwa saumu. Mfuko wake ukaenda kwenye pipa la taka, naye akanuna.

Mama akapika ya kwake kwa nyanya na karanga za kusaga, akasonga ugali wa semolina. Harufu ilitutoa udenda. Kisha akajipakulia sahani ndogo, akala peke yake, na sisi akatupa mkate na jemu.

"Mama, that's not fair," Elia akasema.

"Nyinyi mtakula jioni."

Akakaa karibu na dirisha. Akaweka mezani saa yake ya kazini, ile ya kubandika kifuani, akashika kifundo cha mkono wake kwa vidole viwili. Nilidhani anatupimia muda wa kungoja, nikamnong'oneza Elia kwamba mama yetu ni mlafi. Baba aliacha kununa. Alikaa mbele yake mchana mzima bila gazeti, akimtazama. Nilidhani naye ana njaa.

Jua liliposhuka Mama akainuka, akapasha sufuria moto. Tulikula mpaka Elia, adui wa mboga zote, akaramba sahani.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa najifunza uuguzi kama yeye, mwalimu wetu alitufundisha kupima mapigo ya moyo. Nikaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mwenzangu, nikatazama saa, na kile kiti cha dirishani kikanirudia. Machozi yalinitoka pale pale darasani.

Jioni nikampigia Mama simu. Nikamuuliza kama siku ile hakuwa na hakika.

"Nilikuwa nayo," akasema. "Ilinitosha mimi kula. Kuwalisha nyinyi haikunitosha."