Betri ya Mzee Kimeu na Jua la Mwezi wa Saba

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, pale soko la Mitaboni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sijui la kufanya, basi mjomba akaniachia kibanda chake nikiangalie. Juu ya bati kulikuwa na paneli moja ya sola. Watu wa vijijini walikuwa wakituletea betri za gari, zile walizotumia kuwasha televisheni na redio, tuwachajie. Umeme ulikuwa bado haujafika kwao. Nilikipenda kibanda kile. Nimeishi miji mingi tangu hapo, na bado nikisikia harufu ya maji ya betri nakikumbuka.

Asubuhi hiyo alikuja Mutua, mtoto wa kwanza wa Mzee Kimeu, na betri kwenye keria ya baiskeli. Ilikuwa imeisha kabisa.

"Jumamosi Mzee anatuita sisi wote," akasema. "Anataka kutoa kiumo. Na unajua sauti yake imeenda."

Nilijua. Ugonjwa wa koo ulikuwa umemwachia mnong'ono tu. Na kiumo, kwa sisi Wakamba, ni neno la mwisho la mzazi. Lazima litoke kinywani mwake na watoto walisikie kwa masikio yao. Likishatamkwa, hakuna anayethubutu kulivunja. Ndiyo maana walikuwa wameazima spika na maikrofoni kanisani.

"Itajaa kabla ya Jumamosi?" Mutua akauliza.

Nikachukua kalamu. Betri ilikuwa ya ampea hamsini za saa, na paneli yetu ilitoa kama ampea tatu kila saa. Nikagawanya, nikapata saa kumi na saba. Mchana una saa kumi na mbili, na nilikuwa na michana miwili. "Itajaa na muda ubaki," nikamwambia.

Kando ya kibanda, Susu Ndunge alikuwa ametandaza mbaazi zake kwenye magunia. Mama huyu mzee, ambaye sote tulimwita susu, yaani bibi, alikausha nafaka pale miaka yote. Mutua alipoondoka akaniangalia.

"Hizi mbaazi ziko na siku ya nne hapa. Ukizing'ata bado ni laini. Wewe jua la kujaza betri kwa siku mbili umelitoa wapi?"

"Susu, betri si mbaazi."

"Jua ni hilo hilo. Mwezi huu linakuja saa nane, saa kumi limeenda. Umepima betri vizuri. Jua hukulipima."

Nilicheka. Nilikuwa na hesabu za shuleni, naye hakuwahi kusoma. Nawaza sasa kwamba alikuwa amesoma lile jua kwa miaka sitini.

Alhamisi hiyo mawingu yalifunika hadi alasiri. Ijumaa ikawa vivyo hivyo, na ukungu mwembamba juu yake. Jumamosi asubuhi Mutua alikuja kuchukua betri. Nikaunga balbu ndogo ya gari kwenye vichwa vya betri, ikawaka. Mwanangu, balbu ile huwaka hata kwa betri iliyo na robo tu. Hilo nililijua.

"Imejaa?"

"Imejaa," nikasema.

Tukaenda pamoja, maana waliniomba nishughulikie vyombo. Boma lilijaa: wana wanne na familia zao, wazee wa ukoo, majirani. Kwa kuwa nilisema imejaa, hakuna aliyeona sababu ya kuibania. Wakaimba kwa spika. Mchungaji akahubiri kwa spika. Wageni wakasalimia mmoja mmoja. Saa sita ndipo Mzee Kimeu alipowekwa kwenye kiti, nami nikapiga goti kumshikia maikrofoni.

Aligawa shamba kwa wanawe, polepole, na kila neno lilifika hadi kwenye ua. Kisha akasema, "Na Mwikali," na spika ikakwaruza, ikanyamaza. Mwikali ni binti yake aliyerudi nyumbani na watoto wawili ndoa ilipovunjika. Mzee hakutambua. Akaendelea kunong'ona: Mwikali apewe kipande cha chini, kando ya kijito, na asiondolewe. Tuliosikia tulikuwa wawili, Mwikali mwenyewe, aliyekuwa ameketi miguuni pa baba yake, na mimi.

Walipoleta betri nyingine kutoka kwenye gari la mwalimu mmoja jirani, Mzee alikuwa amefumba macho. Wakamsihi arudie. Akatikisa mkono, kama kusema ameshasema. Jumanne akafariki.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Nikasimama nikaeleza nilichosikia. Mutua hakunipigia kelele.

"Siku ile nilikuuliza betri imejaa. Ulisema nini?"

"Nilisema imejaa."

"Ulikuwa unajua imejaa?"

Nikaanza kueleza habari ya ile balbu, akanikatiza.

"Sasa leo wewe ndiyo spika?"

Wengine wakacheka kidogo. Mzee wa ukoo akasema hawawezi kupokea kiumo kupitia kwa mtu anayesema asilolijua, na Mwikali hawezi kujishuhudia. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipokuja, Mutua alilima hadi kando ya kijito.

Mwikali alipita kibandani akiwa na mizigo na watoto, akienda kutafuta chumba Syokimau. Nilitaka anitukane.

"Ungesema tu haijajaa," akasema. "Baba angengoja hata Jumatatu."

Mwezi huo huo niliondoka Mitaboni, na sijatulia mahali tangu hapo.

Siku hizi nyinyi mnachaji pikipiki za umeme kwa sola, na nasikia mkimtajia mtu saa kana kwamba mmezishika mkononi. Mwanangu, gawanya, lakini gawanya kwa saa ambazo jua linachoma kweli, si kwa saa za mchana. Mwezi wa saba kwetu ni mbili, zikizidi sana tatu. Ongeza robo nzima kwa ajili ya kile kinachopotea njiani. Panda uangalie vumbi na kivuli kwenye paneli. Muulize anayekausha nafaka hapo jirani. Ukishapata jibu, mwambie mtu ukweli wote: labda kesho kutwa, labda baadaye. Na ukiulizwa kama imejaa, nawe hujui, sema hujui. Mtu akijua betri ni nusu ataitunza kwa neno lililo muhimu. Ukimdanganya ataimalizia kwenye nyimbo, na siku utakapokuwa na ukweli wa kumwokoa mtu, hakuna atakayekusikiliza.

Mungu akupe jua la kutosha kazi yako, na akupe ulimi ambao watu wataweza kuweka shamba juu yake.