Masafa Yaliyokuwa Kimya Msimu wa Mvua

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, miaka ya themanini, mwanangu. Nilikuwa msichana wa Shella, Malindi, nimeajiriwa na kiwanda kidogo cha chumvi huko Gongoni kukaa na simu ya upepo, ile ya kubonyeza ukisema na kuachia ukisikiliza. Simu ya waya haikuwepo, na gari letu la pekee lilishinda ofisini Malindi.

Fundi kutoka Mombasa alituletea masafa mawili tuchague, maana mtambo ukishafungwa haubadilishwi mpaka arudi yeye. Tukasikiliza watatu: meneja, fundi na mimi. Kwenye masafa ya kwanza kulikuwa na sauti hafifu za watu wa mashamba ya mkonge upande wa Kilifi. Ya pili yalikuwa kimya kabisa. "Haya ni yetu peke yetu," meneja akasema, fundi akafunga, tukanywa chai. Hakuna aliyefikiri kwamba mwezi ule hoteli za Watamu zimefungwa, na maboti yanayopeleka wageni kuvua yamepandishwa nchi kavu yakipakwa rangi, redio zao zimezimwa.

Mvua zikaisha, wageni wakarudi. Siku moja Karisa, kijana wa Marafa aliyezoea kunitania kwamba nazungumza na majini, alishikwa mkono na mkanda wa mashine ya kusaga chumvi. Wenzake wakamlaza mlangoni kwangu, damu haikatiki. Nikabonyeza.

"Malindi, Malindi, hapa Gongoni! Leteni gari, mtu anakufa! Mwanisikia?"

Nikaachia. Ikaingia sauti ya nahodha wa boti la Watamu akishangilia samaki, nduaro mkubwa kuliko mgeni aliyemvua, akitaka mpiga picha aandaliwe. Nikaita tena. Nikamwomba anyamaze, huku nalia. Hakunisikia, maana anayebonyeza hasikii, na karani wetu wa Malindi, aliyekuwa karibu zaidi na maboti, sauti yao ikafunika yangu, akasikia habari za samaki tu.

"Wamejibu, dada?" Karisa akaniuliza.

Nikamwambia wamejibu.

Baadaye sana likapita lori, wakampakia. Alikata roho walipofika Mambrui, kabla ya kuiona Malindi.

Nilikwenda matangani. Mamake akanikalisha ubavuni pake, akataka kujua ilikuwaje, nami nikamweleza yote, hata habari ya masafa. Hakunikaripia. Ingekuwa nafuu angenikaripia.

"Sisi huku," akasema, "ukikuta shamba limelala, huingii na jembe. Waenda kwa jirani, wauliza ni la nani, na mwenyewe hurudi lini. Nyinyi mlimuuliza nani, mwanangu?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo.

Sasa nasikia nawe wafunga mitambo ya intaneti isiyo na waya juu ya mapaa ya mahoteli, na watu wakusifu kwa wepesi wako. Mimi wepesi huo wanitia hofu. Usichague masafa kwa sababu tu leo yako kimya. Rudi usikilize wageni wakiwepo na wakiwa hawapo. Kisha shuka, upige hodi kwa majirani, uwaulize wao watumia yapi, hata wakikucheka. Waliotumia mwaka jana watarudi, na siku ya shida yule anayeita hana nafasi ya kuhamia masafa mengine.

Nenda, mwanangu. Mola akubarikie mikono yako, kila atakayeita kupitia kazi yako asikike. Na akuepushe na kumwambia mtu anayekufa kwamba amejibiwa.